Marie Fredriksson: sauti tuliyoijua nusu

Nyimbo za Kizungu zilikuwa zinachukua muda kutufikia. Mwaka 1990 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na redio ya nchi nzima ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970. Wakenya walikuwa na KBC, na mwaka huo huo wakaongezewa KTN. Sisi wa bara tulisubiri hadi 1994. Basi nyimbo zilikuja mikononi mwa watu: baharia aliyerudi safari, binamu aliyesoma Nairobi, mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya aliyeacha kaseti zake alipoondoka. Zikishafika, zilizaliana. Mwenye redio ya kuchezesha kaseti mbili aliweka yenye nyimbo upande mmoja na tupu upande wa pili, akabonyeza vitufe kwa mpigo mmoja, na baada ya siku chache mtaa mzima ulikuwa na nakala ya nakala, sauti imefifia kidogo, na ule mvumo wa chinichini ambao masikio yetu yaliuzoea hadi tukauona kuwa sehemu ya wimbo.

Roxette walitufikia kwa njia hiyo. "It Must Have Been Love" ilitangulia, ikibebwa na filamu ya Pretty Woman kwenye mikanda ya video iliyozunguka kutoka nyumba moja yenye deki hadi nyingine. Nikiwa sekondari, bwenini kwetu kulikuwa na kaunta buku la nyimbo, jalada limefunikwa kwa gazeti, kurasa za kushoto maneno, kurasa za kulia picha zilizokatwa kwenye magazeti ya wiki. Maneno yalipatikana kwa kazi ya watu watatu: mmoja anabonyeza, mwingine anaandika, wa tatu anabisha. Kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic, tukiizungusha kwa vidole, kwa sababu kurudisha kwa redio kulikula betri. Wimbo wa dakika nne ungeweza kuchukua jioni nzima. Tulipomaliza, tulikuwa tumeusikiliza kuliko ninavyosikiliza wimbo wowote siku hizi. Tulijua pale anapovuta pumzi, tulijua neno analolishikilia na neno analoliachia haraka kana kwamba linamchoma.

Kwenye disko ulipofika muda wa bluzi, taa zikapunguzwa, ni "It Must Have Been Love" au "Listen to Your Heart" uliowainua hata wale waliokuwa wamekaa ukutani tangu jioni. Kuna ndoa nazijua zilizoanzia hapo, na nyingine zilizovunjika baadaye, na wenyewe hadi leo hawapendi kuusikia.

Aliyekuwa akiimba hatukumjua. Kaseti ya kurekodi haina picha wala maelezo, ina kipande cha karatasi na mwandiko wa mtu: "Bluzi Na. 2". Wengi walidhani ni Wamarekani. Sweden tuliijua kwa mambo mengine kabisa: malori ya Scania barabara ya Morogoro, wataalamu wa SIDA, shirika la misaada la Sweden, na magari yao, Shirika la Elimu Kibaha lililojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki. Kwamba nchi hiyo hiyo ya misaada na malori ndiyo iliyotoa sauti ile, hilo halikumjia mtu akilini.

Aliitwa Marie Fredriksson. Alifariki tarehe 9 Desemba 2019, akiwa na miaka 61. Tangu habari hiyo ilipotangazwa nimekuwa nikimfuatilia kwa karibu kuliko nilivyoweza alipokuwa hai, na kadiri ninavyozidi ndivyo ninavyoona kwamba watu wa rika langu, huku kwetu na kwingine kwingi, tulimjua nusu. Nusu ya pili ilikuwa nyumbani kwake, kwa lugha yake, na ilikuwa kubwa.

Alizaliwa tarehe 30 Mei 1958 huko Össjö, kusini mwa Sweden katika jimbo la Skåne, na akakulia kijiji cha jirani, Östra Ljungby. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Baba alisambaza barua, mama alifanya kazi kiwandani. Fedha hazikuwepo. Mwaka 1965, Marie akiwa na miaka 7, dada yake mkubwa alikufa kwa ajali ya gari. Yeye mwenyewe alilieleza jambo hilo akiwa mtu mzima, katika kitabu cha maisha yake: namna msiba ule ulivyoibadilisha nyumba, wazazi wakizama katika huzuni yao, mtoto mdogo akibaki kujilea kwa kiasi kikubwa. Aliimba. Aliimba mbele ya kioo, aliimba mbele ya wageni, aliimba kanisani. Ukishalijua hilo, unapomsikia akiimba juu ya kupoteza, unaacha kushangaa amelipata wapi.

Akiwa na miaka 17 aliingia chuo cha wananchi mjini Svalöv kusoma muziki. Hapa pana jambo ambalo Mtanzania hawezi kulipita. Vyuo vya aina hiyo ni urithi wa vijijini Sweden tangu 1868: vya bweni, vya vijana na watu wazima, visivyo na mitihani ya kuchujana, vilivyokusudiwa mtoto wa mkulima na wa mfanyakazi apate elimu bila kwenda chuo kikuu. Mwalimu Nyerere aliupenda mfano huo. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vikasambaa nchi nzima, Kisarawe, Ifakara, Newala, Kilwa Masoko na kwingineko. Kwa maana hiyo binti wa mpeleka barua wa Östra Ljungby na kijana wa Newala walipita mlango wa aina moja, karibu wakati mmoja. Ila huku kwetu mkazo uliwekwa kwenye useremala, uashi, ushonaji na kilimo, na haikuwa vibaya, watu walipata mikono ya kujilisha. Huko Svalöv msichana asiye na fedha alipata piano, walimu wa sauti, jukwaa la maigizo na muda wa kukosea mbele ya wenzake. Nimewahi kutembelea vyuo vyetu viwili vitatu, nikaona karakana zenye tezo na randa zilizochakaa kwa kazi nzuri, na kila mara nimetoka nikijiuliza ni sauti ngapi zilipita pale zikifundishwa kupiga plasta. Nalisema hili kwa uchungu, maana vipaji havikupungua huku.

Kutoka Svalöv alikwenda Halmstad, mji mdogo wa pwani ya magharibi. Akafanya kazi kwenye maigizo, akaimba katika bendi iliyoitwa Strul, kisha MaMas Barn, ambayo mwaka 1982 ilitoa albamu isiyouzika. Halmstad ndiko alikokutana na Per Gessle, kijana wa bendi ya Gyllene Tider, ambayo wakati huo ilikuwa inatikisa Sweden nzima. Bendi zao zilifanya mazoezi jirani. Gessle aliisikia sauti yake na hakuisahau.

Hata hivyo, kabla ya Roxette, kundi lake na Gessle, Marie alijijenga peke yake. Mwaka 1984 alitoa albamu yake ya kwanza, Het vind, kwa Kiswidi, na wimbo "Ännu doftar kärlek" ukamfanya ajulikane. Ikafuata Den sjunde vågen mwaka 1986, na ...Efter stormen mwaka 1987. Alipoanza kuimba na Gessle alikuwa tayari mtu wa kujazisha kumbi nyumbani. Hili watu wa nje hatukuambiwa. Sisi tulidhani wawili hao waliibuka pamoja, mwanamume mtunzi akiokota mwimbaji. Ukweli ni kwamba mwaka 1986 Gessle ndiye aliyekuwa na shida: bendi yake ilikuwa imevunjika, na nyota ya Marie ilikuwa inapanda. Baadhi ya watu waliomzunguka Marie walimwonya kwamba mradi huo wa Kiingereza ungemharibia. Mkuu wa kampuni ya rekodi ya EMI Sweden alikuwa amemshauri Gessle atafsiri wimbo wake mmoja wa Kiswidi kwenda Kiingereza na kumweka Marie aimbe naye. Ukawa "Neverending Love". Ukafanya vizuri Sweden, na nje ya Sweden hakuna aliyeujali.

Jinsi walivyovuka bahari ni kisa kinachofanana sana na kaseti zetu za kupokezana. Albamu ya Look Sharp! ilitoka Oktoba 1988. Tawi la Marekani la kampuni yao halikuona sababu ya kuitoa kule. Kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akisoma Sweden kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi alirudi nyumbani Minneapolis na nakala yake, akaipeleka kituo cha redio cha KDWB akiwaomba wapige. Walipopiga "The Look", simu za wasikilizaji hazikukatika. Kituo kikaurekodi, kikavigawia vituo vingine, na kampuni ikashtukia wimbo ambao haijautoa umeshakuwa maarufu. Aprili 1989 "The Look" ikashika namba moja Marekani. Mtu mmoja, mkono mmoja, nakala moja. Sisi tuliozoea kupata muziki kwa njia hiyo tunaelewa kabisa.

Ikafuata "Listen to Your Heart", namba moja Novemba 1989. Halafu "It Must Have Been Love", Juni 1990. Halafu "Joyride", Mei 1991. Mara nne. ABBA, ambao dunia nzima inawataja kila Sweden inapotajwa, walishika namba moja Marekani mara moja tu.

Kwenye "The Look" anayeongoza kuimba ni Gessle. Lakini zile zilizobaki moyoni mwa watu ni za Marie. Gessle ni mtunzi hodari, sina ugomvi naye. Ila wimbo kama "Listen to Your Heart", ambao aliutunga na Mats Persson, ukiwekwa mezani kama karatasi ni wimbo wa mapenzi kama nyingine elfu. Marie anauanza chini, karibu na maongezi, kama mtu anayemshauri rafiki jikoni usiku. Kwenye kiitikio anapanda, na kila kinaporudi anakipa nguvu tofauti. Kisha wimbo wote unahama ngazi, vyombo vinapanda, na yeye anapanda navyo bila kuonekana anajitahidi. Video yake ilipigwa kwenye magofu ya ngome ya Borgholm, kisiwani Öland. Tulipokuja kuiona, miaka baadaye, tukamwona hatimaye: mwembamba, nywele fupi nyeupe, gauni jeusi, uso wa mtu anayemaanisha anachosema.

Na "It Must Have Been Love" ina historia yake. Ilitoka kwanza mwaka 1987 kama wimbo wa Krismasi, kwa ajili ya wale ambao sikukuu inawakuta wamevunjika moyo. Ikauzwa Sweden, ikaisha. Watengenezaji wa Pretty Woman walipoomba wimbo, Gessle hakuwa na muda wa kutunga mpya, akautoa ule wa zamani, Krismasi ikaondolewa, vyombo vikaongezwa kidogo, mwanzo na mwisho vikarekebishwa. Kwa hiyo sauti tuliyokuwa tukiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ilirekodiwa na mwanamke wa miaka 29 ambaye bado hajajulikana nje ya nchi yake, akiimba wimbo wa msimu ambao hakuna aliyetarajia ungedumu hadi Februari.

Baada ya hapo dunia iliwameza. Ziara ya Joyride ya 1991 na 1992 ilikuwa na maonyesho zaidi ya mia moja. Januari 1993 walirekodi kipindi cha MTV Unplugged mjini Stockholm, wakiwa wa kwanza kwenye mfululizo huo ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Marie alikuwa mjamzito, na mtoto wake wa kwanza akazaliwa majira ya kuchipua. Mwaka 1994 akafunga ndoa na mwanamuziki Mikael Bolyos, aliyekutana naye Sydney katikati ya ziara. Mwaka 1995 Roxette wakapiga Beijing, ambako bendi kubwa ya pop kutoka Magharibi haikuwa imeonekana tangu Wham! mwaka 1985. Rekodi walizouza zinakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 75.

Miaka hiyo hiyo, alipopata nafasi, alirudi kwenye Kiswidi. Mwaka 1989, mwaka wa "The Look", aliimba "Sparvöga" kwa ajili ya tamthilia ya televisheni, na kwa Waswidi wengi huo ndio wimbo wake mkuu. Mwaka 1992, ametoka kuzunguka dunia, alitoa Den ständiga resan, albamu ambayo kwa sehemu kubwa aliitunga mwenyewe, juu ya uchovu, upweke wa hotelini na kujitafuta. Mwaka 1996 ikaja I en tid som vår, aliyoifanya na mumewe, ambamo mna wimbo "Tro". Hapa hakuna ngoma za mashine wala gitaa za kurusharusha. Mna piano, mna pumzi, na mna mtu anayeandika maisha yake. Wakati sisi tukiandika maneno ya Gessle kwenye kaunta buku, yeye alikuwa na maneno yake mwenyewe, na hakuna baharia aliyetuletea.

Tarehe 11 Septemba 2002 alitoka kukimbia mazoezi na mumewe. Nyumbani akajisikia vibaya, akaanguka bafuni, akagonga kichwa kwenye sinki, fuvu likapasuka. Hospitali wakagundua kilichomwangusha: uvimbe kwenye ubongo. Alipasuliwa, akapewa mionzi, akapewa dawa kali. Magazeti ya kwao yalimwandika kana kwamba ameshakufa, jambo lililomuumiza yeye na watoto wake wawili, waliokuwa bado wadogo. Aliishi. Lakini matibabu yaliyomponya yalimwachia hesabu nzito: jicho la kulia likapoteza uwezo wa kuona, usikivu ukapungua, upande wa kulia wa mwili ukalegea. Kwa muda hakuweza kusoma, hakuweza kuhesabu. Maneno yalimtoroka, yeye ambaye maneno na sauti ndivyo vilivyokuwa vimemtoa Östra Ljungby.

Akachora. Kwa mkaa wa kuchorea, weusi juu ya weupe, nyuso na maumbo, kwa sababu mkono ulikuwa unakumbuka kitu ambacho ulimi haukuweza kukitoa. Mwaka 2005 michoro hiyo ikaonyeshwa Stockholm. Kabla ya hapo, Januari 2003, yeye na Gessle walipokea medali kutoka kwa Mfalme Carl XVI Gustaf, ikawa mara ya kwanza kuonekana hadharani tangu augue. Na mwaka 2004 akatoa albamu, The Change, akiwa na Bolyos nyumbani, kazi waliyoianza akiwa bado mgonjwa. Ikashika namba moja Sweden. Isikilizeni. Sauti imepungua ukubwa, na ndani ya kupungua huko mna kitu ambacho "Joyride" haikuwa nacho, na ambacho, naapa, sitamani mwimbaji yeyote akilipie bei hiyo.

Mei 2009 Gessle alikuwa kwenye ziara yake mwenyewe, akapiga Amsterdam. Marie alikwenda kumtazama. Akapanda jukwaani. Ukumbi ulilipuka kwa kelele na vilio. Kutokea hapo wakaanza tena: maonyesho ya pamoja mwishoni mwa mwaka huo, albamu ya Charm School mwaka 2011, na ziara iliyozunguka mabara kwa miaka kadhaa. Alilazimika kujifunza upya maneno ya nyimbo zake mwenyewe. Kila onyesho lilikuwa kazi ya kumbukumbu kabla ya kuwa kazi ya koo.

Nimeangalia rekodi nyingi za miaka hiyo. Kwenye "It Must Have Been Love" kulikuwa na jambo lililorudiwa mji baada ya mji: kinanda kinaanza, Marie anainua maikrofoni na kuwaelekezea watu, na ukumbi mzima unaimba ubeti wa kwanza bila yeye. Anasikiliza. Anatikisa kichwa. Wanaoimba ni watu wa makamo, wengine wameshika simu juu, wengine wamefumba macho, Kiingereza cha Kirusi, cha Kihispania, cha Kijerumani, kila mmoja na matamshi ya mahali alipoujifunzia. Kisha anaingia yeye, na hapo unaona kwa nini walimwachia. Noti za juu kabisa hazifiki kama zamani, hivyo anazizunguka, anazipitia kwa chini, anaifanya melodi kuwa ya mama mwenye umri wake. Wako walioandika kwamba hakupaswa kupanda jukwaani katika hali ile. Mimi naona kinyume chake kabisa. Mwimbaji anayeijua sauti yake iliyobaki na kuitumia yote ni bora kuliko kijana mwenye sauti kamili asiyejua aifanyie nini.

Mwaka 2013 alitoa albamu yake ya mwisho ya Kiswidi, Nu!, na mwaka uliofuata akazunguka Sweden kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2015 kikatoka kitabu cha maisha yake, Kärleken till livet, alichokiandika na Helena von Zweigbergk. Miguu ilikuwa imezidi kudhoofika. Alianza kuimba akiwa ameketi. Gessle na bendi wakasimama kumzunguka, na yeye katikati, kwenye kiti, mgongo umenyooka.

Onyesho lake la mwisho na Roxette lilikuwa Cape Town, Afrika Kusini, tarehe 8 Februari 2016. Sauti ile iliyoanzia Skåne ilimalizia jukwaa lake barani kwetu. Miezi michache baadaye madaktari wakamwambia aache ziara, na maonyesho ya majira ya joto yakafutwa. Alikubali kwa maneno ya shukrani. Miaka mitatu iliyofuata alirekodi nyimbo chache nyumbani, na Desemba 2019 ugonjwa ule ule wa 2002 ukammaliza. Alizikwa na familia yake tu, bila umati. Januari 2020 wasanii wenzake wakakusanyika Göteborg wakamwimbia jioni nzima.

Siku hizi redio zetu zikipiga "Listen to Your Heart" inaingia kwenye vipindi vya zilipendwa, kati ya wimbo wa dansi na tangazo la simu. Wanangu wanaujua kwa vipande vya sekunde 15 vilivyowekwa juu ya video za harusi. Nyimbo zake zote ziko kwenye simu yangu, safi, bila mvumo, bila mtangazaji kuzungumza juu ya mwanzo wake. Naweza kumsikiliza usiku kucha bila kuhofia betri za redio. Na mara nyingi nagusa wimbo, nikifika kiitikio cha kwanza, kitu kingine kinaniita, nauacha. Kile tulichokipata kwa kalamu na kaunta buku, cha kujua pumzi zake moja moja, sijakipata tena kwa mwimbaji yeyote, na nadhani si mimi peke yangu.

Mwaka 2025 Roxette walirudi barabarani. Gessle alimwomba Lena Philipsson, mwimbaji mashuhuri wa Sweden na mtu wa kizazi chao, aimbe sehemu za Marie, na ziara ikaanzia Afrika Kusini mwezi wa Februari, nchi ile ile Marie alikopanda jukwaani na Roxette mara ya mwisho. Philipsson anaimba vizuri, kwa heshima, bila kumwigiza. Gessle ana haki ya nyimbo zake, na watu wana haki ya kuziimba wakiwa wengi ukumbini. Nimeziangalia video hizo kwa nia njema kabisa. Wimbo unapofika pale ambapo Marie alikuwa akilishikilia neno na kuliachia ghafla, mwingine analipita kama neno la kawaida, kwa sababu kwake ni neno la kawaida, na mimi nabaki na pengo ambalo hakuna anayestahili kulaumiwa kwalo.

Nyimbo hizo zitapata waimbaji wengine, hilo halinipi hofu. Ninachosikitikia ni ule upande wa Kiswidi, ambao hauna Pretty Woman wa kuubeba, na ambao wenye kuuelewa neno kwa neno hawazidi milioni kumi na kidogo. Huko ndiko alikoandika mwenyewe. Kijana anayetaka kumjua leo, na ambaye hahitaji baharia wala binamu wa Nairobi, namwomba asianzie tulikoanzia sisi. Aanze na "Sparvöga". Kisha Den ständiga resan, yote, kwa mpangilio wake, bila kuruka wimbo. Kisha "Tro". Sisi tulimpenda kwa Kiingereza ambacho wengi wetu tulikuwa hatujakimudu, kwa hiyo Kiswidi hakitamshinda mtu. Baada ya hapo ndipo aje kwenye "Listen to Your Heart", aisikilize hadi pale wimbo unapohama ngazi, na asiuache.